Usiandike "Waya wa Joto"

Maneno haya niliyasema mjini Tanga, mbele ya mafundi umeme wa viwandani, maafisa manunuzi na watunza stoo. Waliokuwa zamu siku ile wameomba niyaweke kwa maandishi, nami nayaweka yote. Picha za ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Ndugu zangu mafundi, maafisa manunuzi, na ninyi watunza stoo mliokaa nyuma kabisa kana kwamba mkutano huu hauwahusu: sogeeni mbele. Leo nina maneno mengi na ninyi kuliko na mafundi.

Nimeombwa nizungumzie upatikanaji wa kebo za joto kali, hasa ile yenye kihami cha madini, yaani ganda la ndani linalozuia umeme usivuje, likiwa la madini. Nianze na swali. Nani hapa amewahi kupokea karatasi ya maombi imeandikwa "waya wa joto, mita 100", na chini yake sahihi, basi? Nyosheni mikono bila woga. Naona mingi. Na nani aliyewahi kuiandika karatasi hiyo? Mikono imepungua ghafla.

Waya wa joto ni upi, jamani? Joto la wapi? Joto la dari la bati saa nane mchana ni joto. Joto la nyuma ya oveni ya mikate ni joto. Ndani ya tanuri la saruji klinka, yaani mawe ya saruji kabla hayajasagwa, inaivia kwenye nyuzijoto 1,450, na hilo nalo ni joto. Ukiandika "waya wa joto" humwambii muuzaji kitu. Atakupa alichonacho rafuni, na hajakudanganya.

Kuna kiwanda kimoja, jina lake tuliache, kilikuwa na tanuri la umeme la kupashia vyuma. Nyaya zinazoingia nyuma ya tanuri zilichoka, fundi akaomba "waya wa joto". Afisa manunuzi akafanya kazi yake kama utaratibu unavyotaka: akakusanya bei tatu, akachagua ya chini. Bei zote tatu zilikuwa za waya wa silikoni wenye soksi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizofumwa. Ni waya mzuri sana ule, mlaini, unapinda vizuri. Lakini silikoni yake imewekewa kikomo cha nyuzijoto 180, na pale kwenye maunganisho nyuma ya tanuri palikuwa panapita 300. Mwanzoni kazi ilikwenda. Baadaye silikoni ikageuka unga mweupe, ikapukutika, soksi ikabaki imevaa waya mtupu. Siku soksi ilipochanika, waya ukagusa bodi ya tanuri na umeme ukakatika kiwandani.

Kikao kikaitishwa. Fundi akamtupia lawama afisa manunuzi. Afisa manunuzi akamtupia mwenye duka. Mwenye duka akasema, "Mliomba waya wa joto, nikawapa waya wa joto." Mimi nasema katika kikao kile mwenye duka peke yake ndiye aliyekuwa na hoja.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: andika mahali. Usiandike waya, andika mahali waya unapokwenda kuishi. Andika joto la pale pabaya kuliko pote, ulilolipima kwa kifaa, si ulilolikisia kwa kiganja. Andika kama joto hilo ni la saa ishirini na nne au la dakika chache tanuri linapofunguliwa. Andika kama waya utatulia au utatikiswa na mashine. Andika kama kuna mvuke, mafuta, asidi, amonia. Andika volti, andika ampea. Andika mahali.

Ukishaandika mahali, ngazi ya vihami inajipanga yenyewe. PVC ya kawaida hufanya kazi mpaka nyuzijoto 70. XLPE, plastiki iliyoimarishwa, 90. Silikoni, 180. PTFE, ile wengine wanaiita Teflon, 260. Nyaya za utepe wa mika, yale madini ya matabaka membamba, na soksi ya faiba zenye nikeli ndani zinafika 450. Plastiki na mpira vimeshaaga kwenye 260, na juu ya 450 unazungumza habari za madini na seramiki tu.

Lakini watu wengi huishia kwenye ganda wakasahau waya wa ndani. Shaba nayo ina kikomo chake. Ikiwa tupu, kwenye joto kali inababuka, inakuwa nyeusi, inakonda. Ndiyo maana hupakwa. Iliyopakwa bati hutumika mpaka karibu nyuzijoto 150, iliyopakwa fedha 200, iliyopakwa nikeli 260 hivi. Ukitaka 450 na zaidi, nikeli inabidi iwe nene, au waya wote uwe nikeli tupu. Na hapo kuna mtego mwingine. Nikeli inauzuia umeme karibu mara nne ya shaba. Fundi aliyezoea shaba ya milimita 4 za mraba akiagiza nikeli ya milimita 4, asishangae volti zikipotelea njiani na waya ukijipasha wenyewe. Hilo halimo kwenye bei tatu. Hilo limo kichwani mwa fundi, na lazima litoke liandikwe kwenye karatasi.

Sasa tuingie kwenye kebo yenyewe ya madini. Kihami chake si mpira wala plastiki. Ni unga mweupe wa oksidi ya magnesi, umeshindiliwa ndani ya bomba la shaba, na nyaya za shaba zimepita katikati ya unga huo. Bomba, unga na nyaya huvutwa pamoja kwenye matundu yanayozidi kuwa madogo, mpaka vyote vinakonda na kurefuka kwa pamoja, na unga unakuwa mgumu kabisa. Shaba inayeyuka kwenye nyuzijoto 1,083 hivi. Unga ule hauyeyuki mpaka upite 2,800. Maana yake, katika kebo hii shaba ndiyo itakayokufa kwanza, kihami kikiwa bado kizima. Nitajieni kebo nyingine yenye sifa hiyo.

Wala si kitu kipya. Hati miliki ya kwanza aliipata Mswisi, Arnold Borel, mwaka 1896. Wafaransa wakaanza kuitengeneza kibiashara mwaka 1932, wakaifunga kwenye meli ya Normandie na kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Kampuni ya Pyrotenax ikainunua haki hiyo na kuanza kuitengeneza Uingereza mwaka 1937, na kutokana na jina lile mafundi wa Kiingereza mpaka leo wanaiita pyro. Mkiikuta kwenye michoro ya zamani, ndiyo hiyo hiyo.

Hapa nawaomba utulivu, kwa sababu kuna namba moja inauza kebo nyingi zisizofaa. Namba hiyo ni 950. Mtakutana nayo kwenye karatasi za wauzaji: "inastahimili nyuzijoto 950 kwa saa tatu". Hicho ni kipimo cha kweli, kimo katika kiwango cha Uingereza BS 6387. Lakini kipimo hicho kinauliza swali hili: jengo likiungua leo, kebo itaendelea kupeleka umeme kwenye taa za dharura na pampu za maji mpaka watu watoke? Hakiulizi kama kebo inaweza kuishi juu ya tanuri mwaka mzima. Kuna kebo za usalama wa moto zenye utepe wa mika zinazofaulu 950 vizuri kabisa, huku joto lake la kazi za kila siku ni 90 tu. Ukiifunga kwenye tanuri la nyuzijoto 200, itakufa taratibu huku cheti chake kikisomeka 950.

Kustahimili joto ni jambo moja. Kunusurika moto ni jambo jingine. Kebo ya madini ina yote mawili, ndiyo maana inachanganya watu.

Na huo moto si wa kudharau. Tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, Marekani, mafundi walikuwa wanaziba matundu ukutani kebo zilimopita. Kujua kama hewa bado inapenya, walishika mshumaa wakatazama mwali unaelekea wapi. Mshumaa, ndugu zangu, kwenye kituo cha nyuklia! Mwali ukavutwa na hewa, ukaingia kwenye sponji iliyokuwa imezibia tundu, sponji ikashika moto, na moto ukatembea na kebo. Kebo zaidi ya 1,600 ziliharibika, na miongoni mwake zilikuwa za mitambo ya kukipoza kinu wakati wa dharura. Vinu vilizimwa salama, lakini kwa jasho, na Marekani ikabadilisha kanuni zake za kinga ya moto kwenye vituo hivyo. Basi kwenye karatasi ya maombi sema unachotafuta: joto la kila siku, au umeme usiokatika siku ya moto, au yote mawili.

Je, kebo ya madini yenye ganda la shaba inakwenda mpaka wapi kwenye kazi ya kila siku? Watengenezaji wanasema nyuzijoto 250. Lakini hiyo ni kebo. Miisho je? Sili ya kawaida, yaani kizibo cha mwisho wa kebo, na dawa yake ya kuzibia inaishia 105. Kama mwisho wa kebo umekaa mahali pa baridi, hakuna neno. Kama mwisho uko kwenye joto lile lile, umenunua kebo ya 250 ukaifanya ya 105 kwa mikono yako. Na ukitaka kupita 250, acha shaba, omba ganda la chuma cha pua au la aloi ya nikeli kama Inconel 600.

Hapo kwenye miisho ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Kebo ya madini hainunuliwi kwa mita peke yake. Inanunuliwa na sili zake, glandi zake za kukazia kebo kwenye boksi, dawa yake, na kile kisu chake cha kumenyea ganda. Viwango vyenyewe vya IEC, tume ya kimataifa ya ufundi umeme, vinakwenda jozi: IEC 60702-1 ni ya kebo, IEC 60702-2 ni ya miisho yake. Halafu kuna ya volti 500 na ya volti 750, na glandi ya moja haiingii kwenye nyingine. Sasa mtu ananunua drum moja nzuri, lile gurudumu lililozungushiwa kebo, kutoka nje, inafika, mafundi wanaifungua kwa furaha, glandi hakuna. Glandi hazipatikani mtaani. Wanazungusha utepe wa umeme kwenye mwisho wa kebo, wanasema "kwa muda tu".

Utepe! Hapa Tanga, na mvuke huu wa bahari! Ule unga mweupe una tabia moja mbaya: unapenda maji. Ukikata kebo ukaacha mwisho wazi, unga unavuta unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, unaingia ndani, na kihami bora kuliko vyote kinageuka njia ya umeme kuvuja.

Ndipo nawageukia ninyi wa stoo. Kuna stoo moja ya ukanda huu wa pwani walipokea drum ikiwa nzima, miisho imezibwa kiwandani. Fundi akaja na msumeno akakatiwa kipande chake, akashukuru, akaondoka. Kilichobaki kikaachwa wazi, kikala masika yote. Siku kebo ilipohitajika wakapiga mega, kile kifaa cha kupima kama kihami kinavujisha umeme, kipimo kikasoma karibu na sifuri. Kikatoka kilio: tumeuziwa kebo mbovu. Muuzaji alijua la kuuliza, akauliza swali moja tu: mwisho mliuziba na nini? Pakawa kimya.

Mtunza stoo, ukikata, ziba, saa ile ile kabla ya kuandika kwenye daftari. Na mzigo unapofika, kabla hujatia sahihi kwa dereva, mwite fundi apime kwa mega ya volti 500, msomo uandikwe pamoja na namba ya drum. Msomo wa siku ya kwanza ndio utakaokutetea.

Nimeambiwa muda unakimbia, lakini themokapo, vile vipima joto vya waya vya matanuri, siwezi kuziruka, maana nazo ni kebo za madini: waya mbili za metali mbili tofauti ndani ya unga ule ule, na ganda la chuma. Aina ya K ndiyo tunayoikuta zaidi kwenye matanuri. Swali: waya mwekundu ni chanya au hasi?

Nimesikia chanya. Nimesikia hasi. Aliyesema inategemea na ulikonunua, huyo tumpigie makofi. Kwa mfumo wa Marekani, aina ya K ni njano na nyekundu, na nyekundu ni hasi. Kwa mfumo wa kimataifa wa IEC, ni kijani na nyeupe, na nyeupe ni hasi. Kiwanda kikinunua mwaka huu kutoka Ulaya na mwakani kutoka Marekani, fundi aliyezoea umeme wa betri anaona nyekundu anaipeleka kwenye chanya, ncha zote mbili za waya wa kuendelezea, ule unaotoka kwenye themokapo kwenda kwenye skrini. Skrini haitazima, na ubaya wake uko hapo hapo. Kama kichwa cha themokapo kiko kwenye nyuzijoto 80 na chumba cha kuendeshea mitambo kiko 25, skrini itasoma karibu nyuzijoto 110 chini ya ukweli. Mwendesha mitambo ataona tanuri limepoa, ataongeza mafuta, na matofali ya ndani yatalipa. Mtu akiulizwa atasema themokapo mbovu, aagize nyingine. Kwa hiyo kiwanda kichague mfumo mmoja wa rangi, na uandikwe kwenye kila oda.

Sasa utapeli, maana najua mnausubiri. Ukiwa dukani mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Nairobi huna maabara. Una nini? Una kisu na sumaku. Kwangua waya. Mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa, sawa. Mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, weka chini uondoke. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, na uzito wake hata theluthi moja ya shaba haufiki, kwa hiyo hata mkono utakwambia. Umeuziwa kama nikeli tupu? Weka sumaku. Nikeli inashikwa na sumaku, shaba haishikwi. Kwenye themokapo ya aina ya K pia sumaku inasaidia: waya unaoshikwa ndio hasi, hata kama rangi imeungua yote.

Lakini nisiwadanganye: weupe wa nje hauthibitishi nikeli. Bati ni jeupe, fedha ni nyeupe. Bati linayeyuka kwenye nyuzijoto 232, kwa hiyo lipeleke kwenye tochi ya gesi utaliona linavyotiririka. Na soksi ya faiba haikwambii kama chini yake kuna silikoni au mika. Ichane uone. Muuzaji anayekataa uchane sentimita tano za waya anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu kuagiza nje nitasema kwa kifupi, wenzangu wa ugavi mnayajua haya kuliko mimi. Bei ya kebo hii inafuata bei ya shaba, na shaba inauzwa kwa dola katika soko la London, ikipanda na kushuka kila siku. Inauma kidogo ukifikiri kwamba shaba ya Zambia na ya Kongo inapita bandari yetu ya Dar es Salaam ikiwa vipande vya bamba, halafu inaturudia ikiwa kebo. Kwa hiyo bei uliyopewa ina siku zake. Kama kamati ya zabuni inakaa mara moja kwa mwezi, omba bei itakayodumu mwezi, hata kama itakuwa juu kidogo. Cheti omba cha drum yako, chenye namba ya drum yako. Kile cha katalogi kinasifia kiwanda. Uliza urefu mkubwa kabisa usio na kiungo. Thibitisha mapema taratibu za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, za kukagua shehena kule inakotoka, kwa sababu kuhangaikia cheti mzigo ukiwa umeshafika bandarini ni gharama na aibu. Na kama unahitaji mita 60 na kiwanda cha nje hakiuzi chini ya 500, mpigie simu fundi mkuu wa kiwanda jirani. Tanuri lake lina joto kama lako. Mnashindana kuuza saruji na sukari, hamshindani kununua glandi.

Mzee mmoja wa stoo ameniletea kikaratasi hapa: "Drum yetu imesoma chini, tuitupe?" Hapana, mzee wangu, shikamoo. Mara nyingi unyevu haujafika mbali. Kata kipande cha mwisho, pima tena. Ikiwa bado iko chini, fundi achukue tochi ya gesi, aanzie nyuma, mbali na mwisho, asogee taratibu kuelekea mwisho ulio wazi, ili unyevu utoke nje. Akianzia mwishoni akarudi nyuma anausukuma ndani. Kisha apime, azibe pale pale, apime tena kesho yake. Ikipanda na kubaki juu, kebo yenu ni nzima.

Vipande vya mfano viko pale mezani: silikoni, mika, nikeli, kebo ya madini iliyomenywa, na kile cha alumini kilichojifanya shaba. Kwangueni, chaneni, msiogope. Sumaku ninayo moja tu, naomba irudi.